Waulizwe Watu Wake: Mpaka kati ya Imani na Wazimu katika Fiqhi na Utabibu wa Akili



Imamu yeyote aliyekaa mihrabuni miaka kadhaa ameshaletewa kijana wa namna hii. Wazazi wanasema halali usiku, ameacha kazi, hali chakula kilichopikwa na mama yake, na anadai ameteuliwa kwa jambo kubwa ambalo watu wote wa mtaa wanalijua ila wanamficha. Maneno yake yote ni maneno ya dini. Wazazi wanataka asomewe. Upande wa pili wa mji, daktari amekaa na mama mtu mzima ambaye anamweleza, kwa utulivu kabisa, kuwa maradhi yake yana mkono wa jini na kwamba amemuota marehemu baba yake akimwamuru atoe sadaka. Huyu mama si mgonjwa wa akili kwa kauli hiyo. Yule kijana huenda ni mgonjwa, hata kama hakuna neno alilotamka ambalo halikutoka msikitini.

Wanaohukumu hutofautishaje? Swali hili si la madaktari peke yao. Juu yake hukaa taklifu, talaka, ushahidi, jinai, hata hukumu ya kuritadi. Akikosea mwenye kuhukumu upande mmoja, mgonjwa anayetibika huachwa mpaka akajidhuru au akamdhuru mwenziwe. Akikosea upande wa pili, mja mwenye akili timamu hufungiwa wodini kwa sababu ya itikadi yake. Makosa yote mawili yameshatokea katika historia, na tutayaona.

Kwetu sisi Waislamu historia hii inaanzia Makka. Tuhuma ya wazimu ni miongoni mwa tuhuma za mwanzo alizotupiwa Mtume (SAW), na Qur'ani imeitaja tena na tena: katika Sura al-Hijr aya ya 6, as-Saffat aya ya 36, at-Tur aya ya 29, al-Qalam aya ya 2 na ya 51, na at-Takwir aya ya 22. Katika adh-Dhariyat aya ya 52 tunaelezwa kuwa hakuna Mtume aliyetangulia ila naye aliitwa mchawi au mwendawazimu. Basi jamii nzima inaweza kumwita mtu majnuni, na ikawa jamii ndiyo iliyokosea. Msomaji aliweke hilo akilini, kwa kuwa litaturudia.

Jambo ambalo wasomaji wengi wa Sira hulipita haraka ni kwamba tuhuma hiyo ilichunguzwa, na waliochunguza hawakuwa wafuasi wake. Anasimulia Ibn Is-haq, katika mapokezi ya Ibn Hisham, kuwa msimu wa Hija ulipokaribia wakubwa wa Kiquraishi walimwendea al-Walid bin al-Mughira ili wapatane juu ya kauli moja ya kuwaambia wageni. Mmoja alipendekeza wamwite kuhani, mwingine mwendawazimu, mwingine mshairi. Al-Walid, naye ni adui, aliikataa ile ya wazimu kwa hoja ambayo daktari wa leo angeielewa. Alisema wazimu wanaujua na wameuona kwa macho, na kwa mtu huyu hakuna kukabwa roho, hakuna mtukutiko, wala hakuna minong'ono ya wendawazimu. Hakusema kuwa anayoyaeleza Muhammad ni kweli. Alisema tu kwamba dalili za maradhi hazipo. Wakaishia kusema ni mchawi anayewatenganisha watu na jamaa zao.

Kisa cha pili kimo katika Sahih Muslim. Dhimad, mtu wa Azd Shanu'a, alikuwa akiwasomea watu waliopatwa na upepo wa majini. Alifika Makka akawasikia wajinga wa mji wakisema Muhammad ana wazimu, akaona ni wajibu wake kwenda kumtibu. Alikwenda kama mganga anavyokwenda kwa mgonjwa. Mtume (SAW) akaanza kwa kumhimidi Mwenyezi Mungu. Dhimad akaomba ayarudie maneno yale mpaka mara ya tatu, kisha akasema ameshasikia maneno ya makuhani, ya wachawi na ya washairi, na hakuwahi kusikia kama haya. Akasilimu papo hapo. Mzoefu wa wagonjwa alisikiliza mwenyewe kabla ya kuamua, hakutosheka na uvumi wa mtaani.

Na Qur'ani yenyewe, katika Sura Saba' aya ya 46, inawataka Maquraishi wasimame wawili wawili na mmoja mmoja wafikiri, kisha inawakanushia kuwa mwenzao huyo ana wazimu. Tazama neno hilo, mwenzao. Ni mtu waliyeishi naye miaka 40 kabla ya wahyi, waliyemwekea amana zao. Hoja inajengwa juu ya ujuzi wao wa maisha yake.

Tukitoka Makka tukaingia Madina, tunakuta mambo haya yamekuwa utaratibu wa hukumu. Ma'iz bin Malik alikuja kwa Mtume (SAW) akikiri zinaa na kutaka asafishwe. Mapokezi ya Bukhari na Muslim yanaeleza kuwa aligeuziwa uso mara kadhaa, kisha akaulizwa kama ana wazimu. Katika mapokezi ya Buraida, yaliyomo kwa Muslim, Mtume (SAW) alituma watu kwa kaumu ya Ma'iz waulizwe kama wanamjua kuwa na kasoro katika akili yake. Wakajibu kuwa hawamjui ila ni mwenye akili kamili miongoni mwa watu wao wema. Ikaulizwa pia kama amekunywa pombe, na mtu mmoja akasimama akamnusa kinywa. Daktari wa akili leo, akiletewa mtu mwenye maneno ya ajabu, hufanya yaleyale: humhoji mwenyewe, huwahoji walio naye, na hutazama kwanza kama kuna kileo au dawa za kulevya. Sisemi kuwa amechukua kwetu. Nasema kuwa mwenye kutaka uadilifu hafiki mbali bila ya kupita njia hii.

Kanuni yenyewe ya kwamba kalamu imenyanyuliwa kwa mwendawazimu mpaka arejewe na akili, kama ilivyonyanyuliwa kwa aliyelala na kwa mtoto, imepokewa na Abu Dawud na wengineo. Abu Dawud ametaja na tukio lake: Sayyidna Umar (RA) aliletewa mwanamke mwendawazimu aliyezini, akaamuru apigwe mawe, na Sayyidna Ali (RA) akamrudisha kwa kumkumbusha Hadithi hiyo. Mwanamke akaachiwa.

Mafuqahaa wakajenga juu ya msingi huo. Walitofautisha wazimu wa kudumu, waliouita mutbaq, na wazimu wa kuja na kuondoka, ambao mwenyewe akiwa katika zamu yake ya uzima matendo yake huhesabika. Wakagombana hata juu ya muda. Katika al-Hidaya, kitabu mashuhuri cha Kihanafi, mlango wa wakala, Abu Yusuf amepokewa akisema wazimu wa mwezi mmoja ndio wa kudumu, kwa kuwa unaangusha saumu ya Ramadhani, na Muhammad bin al-Hasan akasema mwaka mzima. Hayo yaliishia katika Majalla ya dola ya Uthmaniyya, iliyotungwa kati ya 1869 na 1876, ambayo kifungu chake cha 944 kimegawa wendawazimu mafungu hayo mawili. Vitabu vya madaktari wa leo navyo vina vipimo vya muda, mwezi 1 kwa maradhi haya na miezi 6 kwa yale. Wanaodhani fiqhi ilimtazama kichaa kwa jicho moja tu hawajaifungua milango hiyo.

Ama madaktari wa Kiislamu, habari za bimaristani za Damascus, Halab na Cairo zinajulikana na sitazirefusha. Ninalotaka kulitaja ni neno moja la Ibn Sina katika al-Qanun, anapozungumzia melankolia, yale maradhi ya huzuni, woga na fikra mbovu. Anataja kuwa baadhi ya matabibu wameona kuwa huenda yakatokana na majini. Kisha anasema kuwa yeye, akiwa anafundisha tiba, hajali kama yanatokana na majini au la, kwa sababu hata yakitokana nao, yanapita katika mwili kwa kugeuza mizaji yake, na tabibu kazi yake ni huo mwili. Wapo waliomlaumu kwa kauli hii. Lakini mtu akiizingatia ataona kuwa hakukanusha ghaibu wala hakuithibitisha. Aliweka mpaka wa fani. Tabibu hana kifaa cha kuhukumia ghaibu, basi anyamaze juu yake na atibu anachokiona.

Utabibu wa akili wa Ulaya ulichukua miaka mingi kufika kwenye adabu hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 19 Esquirol, daktari wa Ufaransa, alieneza jina la monomania kwa wazimu unaomshika mtu katika jambo moja tu huku akili yake katika mambo mengine ikiwa nzima. Jina hilo lilivutwa huku na huku, na mambo ya dini hayakusalimika. Katika karne hiyohiyo Aloys Sprenger, mtaalamu wa lugha za Mashariki aliyesomea pia utabibu, aliandika Sira ya Mtume (SAW) akimhukumu kuwa na maradhi ya histeria. Alikuwa akimchunguza mtu aliyefariki zaidi ya miaka 1,200 kabla yake, na al-Walid bin al-Mughira, aliyemwona kwa macho na kumchukia, alishaikataa tuhuma hiyo.

Aliyeweka vigezo vilivyodumu ni Mjerumani Karl Jaspers, katika kitabu chake cha misingi ya maradhi ya akili cha mwaka 1913. Kuna aina ya imani ambayo kwa madaktari ni alama kubwa ya wazimu, na kwa kuwa Kiswahili hakina jina lake lililozoeleka, katika makala hii tuiite imani ya maradhi. Jaspers alitaja alama zake tatu: mwenyewe ana yakini isiyo ya kawaida, hoja wala tajiriba haimtikisi, na linaloaminiwa ni lisilowezekana.

Msomaji muumini atashituka hapo, na ana haki. Yakini isiyotikisika ni sifa ya imani ya Mwenyezi Mungu. Na "lisilowezekana" kwa nani? Kwa asiyeamini, Israi na Miiraji haiwezekani. Vigezo hivyo vikichukuliwa kama msumeno, vinawakata wacha Mungu wote wa dini zote. Jaspers mwenyewe alijua kuwa haviwezi kusimama peke yake. Alionya kwamba yaliyomo katika imani huweza hata kuwa kweli na imani ikabaki ya maradhi: mume anayeshikilia kuwa mkewe si mwaminifu, kwa ushahidi wa namna taa ya barabarani inavyowaka, ni mgonjwa hata ikigundulika baadaye kuwa mke alikuwa na makosa. Ugonjwa uko katika njia iliyompeleka kwenye yakini yake.

Pengo hilo lilizibwa kwa maandishi na Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani. Mwongozo wake unaojulikana kwa herufi DSM, katika chapa ya tatu ya mwaka 1980, uliweka sharti kuwa imani haihesabiwi kuwa ya maradhi ikiwa ni ile inayokubaliwa kwa kawaida na watu wengine wa utamaduni au kikundi cha mhusika. Chapa iliyorekebishwa ya 1987 ikataja kwa jina itikadi ya dini kuwa ndiyo iliyokusudiwa, na ile ya 1994 ikaitaja kama mfano. Mwaka huo huo wa 1994 liliongezwa fungu la matatizo ya kidini au ya kiroho yasiyo maradhi, kwa mfano mtu aliyetikisika imani au anayebadili dini. Chapa ya tano, ya mwaka 2013, ikaja na mahojiano maalumu ya maswali 16 ya kumuuliza mgonjwa yeye na watu wake wanaielewaje shida yake. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya kumi ya maradhi, lilipolitaja suala la kupandisha na kuingiwa na pepo lilisema kuwa ni maradhi pale tu linapomjia mtu bila ya hiari yake, likamsumbua katika shughuli zake, nje ya hafla za kidini au za mila zinazolikubali.

Kwa lugha yetu, yote hayo yanasema: waulizwe watu wake.

Hapa kuna jambo ambalo waumini wengi hulielewa kinyume. Daktari anaposema kuwa imani fulani si ya maradhi kwa kuwa kaumu ya mhusika inaiamini, hajasema kuwa ni ya kweli. Na anaposema ni ya maradhi, hajaikadhibisha dini. Amenyamaza kama Ibn Sina alivyonyamaza. Wapo wanaoona sharti hilo ni heshima ya bure tu kwa dini kubwa, kwamba kwa sharti hili kinachomwokoa mtu na jina la kichaa ni wingi wa wenziwe. Hoja hiyo ina uzito, na Sira imeshatuonesha kuwa mmoja huweza kuwa sahihi dhidi ya mji mzima. Ndiyo maana sharti hilo halitoshi kutia mtu hatiani. Linamtoa mtu katika tuhuma. Aliye peke yake katika imani yake bado anatakiwa kuchunguzwa dalili nyingine, kama al-Walid alivyozitafuta asizione.

Yanayotokea watu wa mtu wasipoulizwa tuliyaona hapa Afrika Mashariki. Elijah Masinde, Mbukusu wa Kimilili nchini Kenya, alianzisha Dini ya Msambwa, akiwataka watu warejee kwenye ibada za mababu na Wazungu waondoke. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilimpeleka hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, akakaa takriban miaka 2 hadi 1947. Alipotoka alirejea kwenye mahubiri yaleyale, dini yake ikapigwa marufuku mwaka 1948, naye akahamishiwa Lamu. Sisi hatukubaliani na mafundisho yake, lakini maelfu ya watu wa kaumu yake waliyaelewa na kuyafuata, na mtu anayeeleweka na kaumu yake si mwendawazimu kwa sababu amemkera mkuu wa wilaya. Mathari wakati huo ilikuwa chini ya J. C. Carothers, ambaye mwaka 1953 alitoa kitabu kupitia Shirika la Afya Duniani juu ya akili ya Mwafrika, akiihukumu kuwa na upungufu kwa kulinganisha na ya Mzungu, na mwaka uliofuata akaandika juu ya Mau Mau kana kwamba kudai ardhi ni suala la tabibu.

Miaka hiyohiyo, huko Algeria, Frantz Fanon aliongoza wodi katika hospitali ya Blida kuanzia 1953. Alianza na wagonjwa wa Kiislamu kwa mbinu zilizofaulu kwa wanawake wa Kizungu, yaani hafla, gazeti la wodi, na michezo ya kuigiza. Zikashindwa. Yeye na mwenzake Jacques Azoulay wakaandika wazi mwaka 1954 kuwa kosa lilikuwa lao, walitaka kumtibu Mwislamu bila ya kujua maisha yake. Wakaweka mkahawa wa kienyeji na kuadhimisha sikukuu za Kiislamu. Mwaka 1956 Fanon akaandika pamoja na François Sanchez juu ya namna watu wa Maghrib wanavyomtazama kichaa: kwa kuwa wanaamini ameguswa na jini, hawamlaumu yeye wala hawamvunjii heshima. Fanon hakuwa Mwislamu. Lakini aliuliza.

Kuna kisa ambacho bado kinawachoma Waislamu. Tarehe 21 Agosti 1969, Denis Michael Rohan, kijana wa Australia, alitia moto ndani ya Masjid al-Aqsa. Iliungua minbari aliyoiamuru Nuruddin Zanki itengenezwe Halab na ambayo Salahuddin aliileta baada ya kuikomboa Quds mwaka 1187. Wakuu wa nchi za Kiislamu walikutana Rabat mwezi Septemba mwaka huo, na kutokana na mkutano huo ikazaliwa Jumuiya ya nchi za Kiislamu. Mahakama ya Israel ilimwona Rohan kuwa ni mgonjwa wa akili, akawekwa hospitali, na mwaka 1974 akarudishwa kwao. Waislamu wengi waliiona hukumu hiyo kuwa ni hila, na anayejua nani alikuwa anaishikilia Quds hatawashangaa.

Hata hivyo tukipima kwa vigezo tulivyoviona, mambo mawili yanatengana. Kutamani hekalu lijengwe pale penye al-Aqsa na kuamini kuwa kujengwa kwake kutaharakisha kurudi kwa Masihi ni itikadi wanayoishiriki watu wengi. Ni batili kwetu, ina hatari, na si wazimu. Mwenye kuibeba huku akili yake ni timamu anabeba na dhima yake. Lakini Rohan alidai zaidi. Alidai kuwa yeye binafsi ndiye aliyebashiriwa katika vitabu vya manabii na kuteuliwa kuitenda kazi hiyo. Kanisa alilokuwa akisoma machapisho yake lilimkana. Na kabla ya hapo aliwahi kulazwa kwa maradhi ya akili nchini kwake. Itikadi ya kundi ilimpa maneno, na maradhi yakamweka yeye katikati ya maneno hayo. Bila ya itikadi ile iliyoenezwa na wenye akili zao, maradhi yake yangechoma kitu kingine.

Kinyume chake ni tukio la Masjid al-Haram la tarehe 20 Novemba 1979, alfajiri ya kwanza ya mwaka 1400 Hijria. Juhayman al-Utaybi na watu wake wenye silaha waliuteka msikiti na kumtangaza Muhammad al-Qahtani kuwa ndiye Mahdi. Miongoni mwa hoja zao zilikuwa ndoto walizoziota wengi wao. Imani hiyo ilikuwa ya uwongo na ilimwaga damu mahali patakatifu, ila ilikuwa ni ya mamia ya watu, ilijengwa juu ya Hadithi walizozisoma na kuzifasiri vibaya, na walijipanga kwa utaratibu. Al-Qahtani aliuawa humo, na mwezi Januari 1980 watu 63 wakauawa kwa hukumu, Juhayman akiwemo. Maulamaa hawakuwaita majnuni. Na jibu la ndoto zao lilikuwemo vitabuni zamani: Imamu Nawawi ameeleza kuwa ndoto, hata ya kumuona Mtume (SAW), haithibitishi hukumu ya sharia, kwa kuwa aliyelala hana udhibiti. Basi si kila upotofu ni ugonjwa. Anayewaita wapotofu wote wagonjwa anawavua dhima wasiostahiki kuvuliwa, na anawatukana wagonjwa.

Kazi ya kutenganisha ni ngumu hata leo. Anders Breivik alipoua watu 77 nchini Norway mwezi Julai 2011 kwa chuki dhidi ya Uislamu na wahamiaji, jopo la kwanza la madaktari lilimwona ana skizofrenia. Aliyajaza maandishi yake istilahi ambazo madaktari hao waliziona ni za kichaa, wakati wajuzi wa makundi ya siasa kali waliona nyingi ni lugha ya kawaida ya watu wa aina yake. Jopo la pili likasema ni mzima, na tarehe 24 Agosti 2012 mahakama ikamhukumu kama mwenye akili timamu. Jopo la kwanza halikuwauliza vya kutosha watu wake.

Hapa ndipo anapoingia imamu. Daktari asiye Mwislamu, au Mwislamu asiyesoma, hajui kama kauli ya kijana yule ni ya kawaida miongoni mwetu. Anayejua ni sisi. Kuamini majini kwa Mwislamu ni itikadi, na kuingiwa nayo ni kauli ya jamhuri, ingawa al-Jubba'i na baadhi ya Muutazila waliikataa. Lakini kusema kuwa jini ametiwa na serikali katika simu ya jirani ili amchunguze yeye peke yake, hilo hakuna kitabu chetu wala chuo chetu kinachofundisha. Imamu akiulizwa, atazame kama ibada imebadilika ghafla na kuwa ngeni hata kwa wacha Mungu wenzake, kama dunia nzima imekuwa ikimzungumzia yeye, kama analala, anaoga, anafanya kazi. Na aseme kwa ukweli. Kisomo hakizuiwi na dawa wala dawa haizuiwi na kisomo. Kinachoua ni miezi inayopita mgonjwa akiwa amefungwa kamba nyuma ya nyumba huku akisubiriwa jini atoke, wakati dawa zipo hospitali ya wilaya.

Limebaki suala moja ambalo sioni kuwa limepatiwa jibu la kutosha, nalo linawafikia makadhi wetu Kenya na Zanzibar. Mafuqahaa waliugawa wazimu kwa wakati: leo mzima, kesho mgonjwa. Madaktari wanajua maradhi yanayogawanyika kwa mada, kama ile monomania ya Esquirol: mwanamume anaendesha duka lake, anaswalisha, anahesabu mirathi bila ya kosa, ila ana yakini ya ugonjwa kuwa mkewe anazini na kila anayepita. Akimtaliki kwa sababu hiyo, je, talaka imepita? Akimsingizia zinaa, ana dhima ya qadhfu? Ukimwuliza juu ya bei ya unga ni mukallafu kamili. Ulaya walikumbana na suala hilo katika kesi ya Daniel M'Naghten mwaka 1843, na kanuni zilizotoka hapo ndizo zilizoingia katika sheria za jinai za Kenya na Tanganyika, nazo zinauliza kama mtu alijua anachokitenda na kama alijua ni kosa. Hilo ni la jinai na halitatui talaka. Kwa maoni yangu kadhi asimtazame mtu huyu kama mzima kwa kuwa duka lake linakwenda vizuri. Asimamishe hukumu ya talaka, aitishe ripoti ya daktari, na awaite ndugu wa mume na wa mke awaulize tangu lini mwenzao ameanza kusema maneno haya, na kwa ushahidi gani.